Kalamu Isiyo na Jina

Mgeni anayeshuka kwenye matatu mjini Matuu, katika barabara kuu itokayo Thika kuelekea Garissa, hulakiwa na wachuuzi wa maembe na matikitimaji hata kabla hajauliza njia. Akipenya nyuma ya vibanda vyao atakuta vyumba vidogo vyenye vibao vinavyotangaza kazi ya kupiga chapa, kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti. Yamkini hatafikiri kwamba humo ndani, kando ya nyanya na mitumba, pana bidhaa nyingine inayouzwa na kununuliwa kila siku. Bidhaa hiyo ni maneno.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wachuuzi hao wa maneno. Sina mwajiri, sina mshahara wa mwisho wa mwezi, wala sina malipo ya uzeeni yanayonisubiri. Huandika na kuhariri kwa kila anayebisha hodi. Jumatatu huenda ikawa ni katiba ya chama cha akina mama wanaotaka kujiandikisha. Jumanne, barua ya kuomba kazi. Jumatano, mtihani wa majaribio wa shule jirani. Alhamisi usiku, wasifu wa marehemu ambao sharti uwe tayari kabla ya mazishi ya Jumamosi. Na katikati ya hayo yote, mezani hapakosi muswada mnene wa riwaya au wa kitabu cha mazoezi, ulioandikwa na mwalimu fulani baada ya saa za kazi.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana mmoja ambaye nilizoea kumsahihishia insha alipokuwa kidato cha nne. Alikuwa amehitimu chuo kikuu, kazi hana, naye alikuwa ameingia katika ile biashara ambayo vijana wengi wa nchi hii wanaifahamu: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu zao kwa malipo. Alifanya kazi usiku, kwa maana usiku wetu ndio mchana wa wateja wake wa Marekani. Alilipwa dola chache kwa ukurasa, na sehemu ya pesa hizo ilimwendea mwenye akaunti aliyomkodisha. Kwa malipo hayo alikuwa akimsomesha mdogo wake. Alitaka nimharirie kurasa zake, naye angenilipa kushinda alivyowahi kunilipa mwalimu yeyote kwa muswada wa riwaya.

Niliposita, aliniuliza swali ambalo limenikaa moyoni hadi leo. "Mwalimu," alisema, "vitabu unavyovihariri havina jina lako. Wasifu unaouandika husomwa na mjukuu kana kwamba ameutunga yeye. Wewe huna jina, na mimi sina jina. Tofauti yetu iko wapi?"

Msomaji, swali hilo si la kijana mmoja. Ni swali ambalo kila mwalimu na kila mwanafunzi anayeishika kalamu hana budi kulijibu.

Tuanze na kazi yenyewe. Kamusi zetu huorodhesha neno "hariri" kwa maana mbili. Kwanza ni kile kitambaa laini na ghali; pili ni kitenzi cha kuurekebisha muswada hadi uwe tayari kuchapishwa. Katika Kiarabu, ambako tulilipata neno hili, kitenzi hicho hubeba pia maana ya kuweka huru. Hayo ndiyo maelezo bora ya kazi yetu. Mhariri hamtungii mtu wazo. Hulifungua wazo la mtu lililofungwa katika minyororo ya sentensi mbovu.

Chukua mfano. Mwalimu mmoja aliniletea hadithi iliyoanza hivi: "Mwalimu mkuu ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa shule hiyo aliweza kuwasili shuleni mnamo majira ya asubuhi." Ni nani asiyejua kwamba mwalimu mkuu ni kiongozi wa shule? Na kusema kwamba "aliweza" kuwasili ni kudokeza kwamba palikuwa na kizuizi njiani, ilhali hapakuwapo. Tukabaki na hivi: "Mwalimu mkuu aliwasili shuleni asubuhi." Maneno 16 yakawa 5, na hadithi ikabaki kuwa ya mwenyewe.

Huku kwetu Ukambani, ambako sauti ya "r" huponyoka kwa urahisi ikawa "l", nimewahi kusoma kwamba wanakijiji "walipiga kula" mchana kutwa. Programu ya kompyuta haikuona kosa, kwa kuwa "kula" ni neno sahihi. Ilihitaji jicho la mtu kutambua kwamba wanakijiji hao walikuwa kituoni wakichagua diwani, wala hawakuwa karamuni.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mara ya kwanza husoma bila kalamu mkononi, nipate kusikia mwandishi anataka nini. Mara ya pili hutazama mpango: je, sura ya tatu isingefaa kutangulia? Mara ya tatu hushuka hadi kwenye sentensi, upatanisho wa ngeli na alama za uakifishaji. Mara ya nne husoma kwa sauti, maana sikio hukamata linalolipita jicho. Ninapoitilia shaka hoja ya mwandishi, siibadilishi. Huandika swali pembeni na kumwachia mwenyewe alijibu. Huo ndio mwiko wa kazi yetu. Mhariri anayejaza mawazo yake katika kitabu cha mwenzake amevuka mpaka, hata akiandika vizuri namna gani.

Sasa turudi kwenye swali la kijana. Katika nchi hii ya Yatta unapita mfereji unaochota maji katika Mto Thika. Ulichimbwa miaka ya 1950, zama za Hali ya Hatari, kwa mikono ya watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni. Leo mkulima hunyweshea nyanya zake bila kuyajua majina yao. Kutotajwa kwao ni dhuluma, lakini si uongo. Hakuna anayedai kwamba mfereji ule ulijichimba wenyewe, na siku majina yao yote yatakapoorodheshwa kingoni, maji hayatakauka.

Hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza. Ukitaka kujua kama kalamu isiyo na jina ni ya heshima au ya aibu, uliza: je, jina likifichuliwa, kitu gani kitaharibika? Mhariri akitajwa, kitabu hakipungukiwi na kitu. Waandishi wengi huwashukuru wahariri wao katika dibaji. Mjukuu akiulizwa ni nani aliyemsaidia kuupanga wasifu wa babu yake, atajibu bila haya. Lakini insha ya mwanafunzi ina thamani kwa sharti moja tu, kwamba aliyeitia jina ndiye aliyeifikiri. Jina la mwandishi wa kweli likijulikana, insha imekufa, na shahada imekufa pamoja nayo. Na muuguzi aliyefuzu kwa insha za kununua ataingia wodini akiwa na cheti cha elimu iliyo kichwani mwa mtu mwingine, mbali kabisa na mgonjwa.

Sheria za baadhi ya nchi zimelitambua jambo hilo. Australia iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2020, na mwaka 2022 Bunge la Uingereza likapitisha sheria inayofanya kuwa kosa la jinai kuwauzia wanafunzi wa England kazi za aina hiyo. Ni kweli kwamba sheria hizo hazikumuuliza kijana wa Matuu atakula nini. Mimi pia sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilikataa kazi yake, tukaagana kwa heshima, naye akaenda zake.

Wapo watakaosema kwamba mwandishi asiye na mwajiri hana njia nyingine ya kujikimu. Hao nawakumbusha David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, wakati eneo hilo lilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos. Mapema katika miaka ya 1970 alianzisha kampuni ya Comb Books na kuchapisha vitabu vyake mwenyewe, vitabu vidogo ambavyo mtu wa kawaida aliweza kuvinunua. Wahakiki wengi wa vyuoni walivikemea, na Tanzania ikavipiga marufuku. Mtu yu huru kuvipenda au kuvichukia, lakini kila sifa na kila lawama ilijua pa kwenda, kwa sababu jina lilikuwa jaladani.

Hata hivyo, mwenye kalamu ya kukodishwa asiridhike na heshima peke yake. Mkono mtupu haulambwi. Nimewahi kuhariri kitabu kizima kwa ahadi ya mdomo, na malipo yakanifikia baada ya mwaka mmoja na safari nyingi za Nairobi. Tangu hapo sifungui muswada kabla hatujaandikiana: kurasa ngapi, kwa bei gani, kwa muda gani, na nusu ya malipo mbele. Walimu wanaoandika vitabu kwa malipo ya mara moja wanapaswa kuwa waangalifu zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmepatana vinginevyo. Mwalimu asiyeyajua hayo anaweza kukiona kitabu chake kikichapishwa tena na tena bila ya yeye kuambulia hata senti.

Mwishoni mwa mwaka 2022 ilitolewa programu ya ChatGPT, na wateja wa yule kijana wakaanza kupungua. Kazi waliyokuwa wakimlipa, mashine iliwafanyia kwa nukta chache. Hatimaye alirudi kwangu. Alikuwa ameomba kazi ya uandishi mahali fulani, naye akaambiwa alete mifano mitatu ya maandishi yake. Alikuwa ameandika mamia ya kurasa, kuhusu uuguzi, uhasibu, hata tamthilia za Shakespeare, lakini hapakuwa na ukurasa hata mmoja ambao angeweza kuutoa mbele ya watu na kusema kwamba ni wake.

Sikumkumbusha swali lake. Nilimpa muswada wa riwaya ya mwalimu mmoja ausome kwa marekebisho ya mwisho, tukaandikiana bei, na mwenye riwaya akakubali kwamba jina la kijana litatajwa katika shukrani. Malipo yalikuwa madogo kuliko aliyozoea, na nilimwambia hivyo waziwazi. Siku ya pili alinionyesha "kula" moja ambayo mimi nilikuwa nimeipita mara nne.

Walimu wenzangu, tunapowafundisha watoto insha, tusiishie kwenye methali na mwandiko mzuri. Tuwafundishe pia kusahihishiana kazi darasani, ili wajue mapema mpaka uliopo kati ya kumsaidia mwenzako aseme lake na kumsemea. Nawe mwanafunzi, kabla hujamuuzia mtu kalamu yako, jiulize kama utathubutu siku moja kuuonyesha ukurasa huo na kusema, "Huu nimeuandika mimi." Ukiona huthubutu, jua kwamba unauza zaidi ya wino.