Kabla hujakubali kumfugia mtoto mbwa

Mtoto akishamwona mbwa wa jirani akitikisa mkia, ombi huwa lile lile kila jioni: "Na sisi tufuge." Kwa wazazi wanaotoka alfajiri kuwahi foleni na kurudi usiku, ombi hilo linahitaji hesabu.

Mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 13, wengine zaidi. Mtoto wa darasa la kwanza anayemwomba leo anaweza kumaliza sekondari mbwa akiwa bado anadai chakula, maji na chanjo.

Nani atamhudumia?

Mbwa mchanga hula mara tatu au nne kwa siku na hujisaidia popote hadi afundishwe. Katika nyumba nyingi kazi hiyo humwangukia dada wa kazi, ambaye tayari anapika, anafua na kulea. Aulizwe mapema. Wapo wanaoogopa mbwa, na wapo ambao dini yao inawataka kuosha kila mahali mate yake yalipogusa. Wapangaji wazungumze pia na mwenye nyumba na wenzao wa uwanja mmoja.

Mbwa anayefungwa mnyororo kutwa nzima anaweza kuwa mkali. Anayeachwa azurure hukutana na mbwa wasiochanjwa.

Chanjo ni lazima

Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu. Takriban asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu kila mara hufa.

Kwa kawaida mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari wa mifugo, mara nyingi kila mwaka. Anahitaji pia dawa za minyoo, kwani mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake yanaweza kumwingia mtoto anayecheza mchangani.

Mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Mwambie mapema kwamba hatagombezwa akisema ameng'atwa. Watoto wengi huficha kwa kuogopa kuchapwa. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata yule mpole.

Uamuzi

Kama kuna uzio, fedha za chanjo na mtu mzima mmoja anayesema "kazi hii ni yangu", mfugeni. Mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa na kuzoea watu huwapa kazi ndogo kuliko mchanga. Kama mtu huyo hayupo, mwambieni mtoto ukweli: bado. Kungoja mwaka mmoja au miwili ni nafuu kuliko kumtelekeza mbwa barabarani.