Talaka ya Maelewano: Mawakili Wanapojifungia Mlango wa Mahakama

Talaka ya maelewano ni utaratibu ambao wanandoa walioamua kuachana, kila mmoja akiwa na wakili wake, hutia saini mkataba wa kumaliza mambo yao yote kwa mazungumzo ya ana kwa ana, yaani mgawanyo wa mali, malezi ya watoto na fedha za matunzo, bila kushindana mbele ya hakimu. Utaratibu huu ulianza mwaka 1990 katika mji wa Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, pale Stuart Webb, wakili wa mashauri ya familia aliyekuwa amechoshwa na ugomvi wa mashauri hayo, alipoamua kwamba hatakwenda tena mahakamani kupigania talaka ya mteja yeyote.

Kiini chake ni sharti moja: mazungumzo yakivunjika na mmoja wa wanandoa akafungua shauri la kushindana, mawakili wote wawili hujitoa, na kila upande hutafuta wakili mpya. Sharti hili lilizua mabishano makali ndani ya taaluma yenyewe, kiasi kwamba mwaka 2007 kamati ya maadili ya mawakili wa Colorado iliona kuwa linakiuka wajibu wa wakili kwa mteja wake, ilhali mwaka huohuo Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa maoni kwamba halina kasoro endapo mteja ameelezwa athari zake na akaridhia. Hoja ya Colorado haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu mteja ambaye mazungumzo yake yamekwama hupoteza mtu anayelijua jambo lake tangu mwanzo, na hulazimika kulipa upya. Hata hivyo, nguvu ya utaratibu huu imo katika hasara hiyohiyo, kwa kuwa wakili asiyeweza kunufaika na kesi ndefu hana sababu ya kuchochea moto, naye mteja anayejua gharama ya kuanza upya hufikiri mara mbili kabla ya kuinuka mezani kwa hasira.

Mkataba huwataka pia wanandoa waweke wazi taarifa zote za fedha, kuanzia akaunti za benki na hati za nyumba hadi madeni ambayo mwenzi mwingine huenda hakuyajua, bila kusubiri amri ya mahakama. Badala ya kila upande kumlipa mthamini wake ili baadaye wathamini hao wapingane kizimbani, huajiriwa mmoja asiyeegemea upande wowote. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa California, akiwamo mwanasaikolojia Peggy Thompson, waliongeza washauri wa familia na wataalamu wa watoto katika kikao.

Mfano wa nyumba unaonyesha tofauti kwa karibu. Mahakamani mke anaweza kudai nyumba yote na mume akadai nusu ya thamani yake, kisha kila mmoja akaanza kukusanya risiti za saruji na mabati kuthibitisha nani alijenga nini. Mezani huulizwa swali jingine, yaani kila mmoja anaitakia nini nyumba hiyo, na inaweza kudhihirika kwamba mke anataka watoto wasihame shule, wakati mume anachohofia ni kupoteza akiba yake yote. Hapo huwezekana kukubaliana kwamba nyumba isiuzwe mpaka mtoto wa mwisho amalize shule, kisha fedha zigawanywe kwa kiwango kilichoandikwa.

Utaratibu huu haumfai kila mtu. Penye kipigo au vitisho, mazungumzo ya meza moja humweka mnyonge mikononi mwa mwenye nguvu, na mwenye nia ya kuficha mali hazuiwi na saini pekee. Wala si rahisi kwa bei, maana mawakili wawili na wataalamu wote hulipwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 101, huwataka wanandoa, isipokuwa katika hali chache, wapeleke kwanza mgogoro wao kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza hilo, hata hivyo, kazi yake ni kuwapatanisha ili ndoa isivunjike. Likishindwa hutoa hati ya kueleza hivyo, na wenye ndoa huenda mahakamani, ambako suala la nani alichangia nini hubishaniwa chini ya kifungu cha 114. Mabishano hayo yana historia ndefu, na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Kati ya baraza linalotaka watu warudiane na mahakama inayopima mchango wa kila mmoja, pana nafasi ya utaratibu huu kwa wale waliokwisha kukata shauri la kuachana lakini bado watalea watoto pamoja. Mahakama ingebaki na kazi yake ya kujiridhisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kama ambavyo hata Marekani jaji ndiye anayetoa amri ya talaka. Ikumbukwe kwamba Minnesota ilianza kwa mkataba tu wa watu wanne, wanandoa na mawakili wao, miaka 11 kabla ya Texas kutunga sheria ya kwanza ya jimbo kuhusu jambo hili mwaka 2001.