Nyota moja kwenye Google: mwenye restora ajibu nini?

Saa tatu usiku restora imefungwa, mwenye mali anahesabu pesa ya siku. Simu inalia: motari anayemfahamu amemtumia foto ya maneno ambayo mteja ameweka kwenye Google. Nyota moja. «Tulingoja samaki saa mbili, akaletwa baridi, na hata pole hawakutuambia.»

Ni jambo linaloweza kumfikia mwenye restora, hoteli au depo yoyote kule Butembo, Bunia ama Uvira. Hasira inapanda, na jibu la kwanza linalokuja kichwani ndilo baya kuliko yote: «Wewe umetumwa na jirani anayetuonea wivu.»

Mteja aliyekasirika siye msomaji mkubwa wa jibu hilo. Wanaosoma ni wale wasiosema kitu: familia inayotafuta mahali pa kulishia wageni wa ndoa, mfanyabiashara anayefika jioni na hajui mji, mfanyakazi wa shirika anayechagua hoteli ya semina ya watu arobaini. Huyo wa mwisho hatapiga simu kuuliza ukweli uko wapi. Akikuta matusi, anatafuta hoteli nyingine.

Hasara hiyo imepimwa kwingine. Mwaka 2011, Michael Luca wa chuo kikuu cha Harvard alichunguza restora za Seattle, Marekani, kwenye mtandao wa Yelp: nyota moja zaidi iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Watafiti wengine wawili, Davide Proserpio na Georgios Zervas, waliangalia hoteli za Texas zilizoanza kuwajibu wateja kwenye TripAdvisor. Zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12, na alama zao zikapanda kidogo. Sababu waliyoitoa inaeleweka hata hapa kwetu: mtu mwenye lalamiko dogo lisilo na msingi anasita kuandika akijua mwenye nyumba atamjibu mbele ya watu.

Jibu lenyewe halihitaji maneno mengi. «Papa, tunakuomba radhi. Jumamosi ile jenereta yetu ilikufa, na ilitupasa kukuambia mapema badala ya kukuacha ungoje. Tafadhali utupigie simu, tuongee.» Kosa limetajwa, sababu imetolewa bila kujitetea sana, na mabishano mengine yanahamia kwenye simu.

Ili kujibu kwenye Google, mwenye biashara anapaswa kwanza kuomba ukurasa wa biashara yake na kuthibitishwa kwamba ni wake. Halipi kitu. Maoni yenye matusi, au yaliyoandikwa na mshindani, anaweza kuyaripoti ili yaondolewe; lakini Google haiondoi neno kwa sababu tu limemuuma mwenye mali. Kuwatuma shemeji na wafanyakazi waweke nyota tano kunakatazwa, sawa na kumpa mteja bia ya bure ili asifu. Tena katika miji yetu, jina la shemeji linajulikana.

WhatsApp ni ngumu zaidi. Sauti ya mteja inatoka kundi moja hadi jingine, na jibu haliifuati. Hapo dawa ni kumtafuta mwenyewe. Akiridhika, neno lake katika kundi lile lile linapita maelezo yote ya mwenye restora.

Wengine wanakimbilia kwa mwendesha mashtaka. Ni kweli, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inamwadhibu anayesambaza habari za uongo juu ya mtu katika mitandao ya kijamii. Lakini kama samaki alikuwa baridi kweli, uongo uko wapi? Mwaka 2014, hoteli moja ya Hudson, jimbo la New York, ilijulikana kuwatisha maharusi kwa faini ya dola 500 kwa kila mgeni wao atakayeisema vibaya mtandaoni. Habari ilipotoka, watu ambao hawakuwahi kulala pale waliijaza maoni mabaya.

Na wateja watatu wakiandika jambo lile lile kuhusu Jumamosi, kazi iko jikoni, si kwenye simu. Mteja wa samaki, yeye, anapata taarifa kwenye simu yake mwenye restora akimjibu. Nyota yake anaweza kuibadilisha wakati wowote.