Dume Haitwi, Huchokozwa

Nje kidogo ya Masalani, kando ya njia ya ng'ombe, nilionyeshwa choo cha digidigi. Nasema choo kwa makusudi. Mnyama huyu hadondoshi kinyesi ovyo; hurudi palepale siku zote, mpaka punje zake, ndogo na nyeusi kama mbegu za papai, zinafanya rundo. Mzee niliyefuatana naye, Mwaweer aliyekulia ukingoni mwa msitu wa Boni, alichuchumaa, akapekua kwa kijiti. Punje za juu zilikuwa bado mbichi.

"Mwenyewe yuko hapa hapa," alisema. "Ukitaka aje, mwanangu, usimwite. Mguse nyumba yake."

Kule Marekani, kumvuta dume hadi penye shabaha ya upinde ni biashara kubwa. Mwindaji hununua kichupa cha mkojo wa jike, hupuliza kifilimbi kinachokoroma, au hugonganisha pembe mbili ili zilie kama madume wanaopigana. Mnyama wao pembe zake zina matawi na huanguka kila mwaka. Sisi humwita kulungu kwa kukosa jina lingine, ila kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Kulungu wetu pembe zake ni za maisha. Hata hivyo madume wa huku na wa kule wana udhaifu mmoja: kila mmoja ana kitu anachokilinda, na hawezi kuvumilia kusikia au kunusa kwamba kuna mwingine amekigusa.

Kabla sijaendelea, uwindaji Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mzee huyu alitundika podo lake zamani. Ninachokieleza ni maarifa, na yana faida hata kwa asiyebeba mshale.

Kwanza, kwa nini umbali uwe jambo la kuhangaisha hivyo? Watu hudhani ni shabaha tu. Shabaha ni sehemu ndogo. Upinde unapoachiwa, upote hulia, na sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mshale wa upinde mzuri wa mti haufiki mbali sana na mita 50 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 30, mlio humfikia karibu nusu sekunde kabla ya chembe. Kwa swala nusu sekunde ni muda wa kutosha kujikunyata, kugeuka na kuondoka. Mshale unapita pale alipokuwa. Akiwa mita 15, muda huo hupungua hadi robo sekunde hivi. Ndiyo maana mpiga upinde wa jadi hakusifiwa kwa kulenga mbali. Alisifiwa kwa kusogeleana.

Tena mshale wenyewe haukuua kwa nguvu peke yake. Maganda na mizizi ya msunguti huchemshwa saa nyingi hadi ibaki lami nyeusi yenye sumu, inayopakwa nyuma ya chembe. Wasomali huiita waabaayo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, alikitenga kiini chake, na dawa hiyo, uabaini, mpaka leo inabeba jina la Kisomali bila wengi kujua. Huziba pampu ndogo zinazohamisha sodiamu na potasiamu kwenye chembechembe za mwili, na moyo hupoteza mapigo yake. Madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia kwa kipimo kidogo sana kutibu moyo dhaifu. Nyama huliwa bila madhara ukishakata sehemu ya jeraha, kwa kuwa tumboni sumu hiyo hainyonywi kwa urahisi.

Kuna njia nyingine za kukaribiana. Wahadza wa Ziwa Eyasi, kiangazi kikikaza, hujificha usiku karibu na maji. Waefe wa Ituri hupanda juu ya mti ulio jirani na mti wenye matunda na kungoja paa waje kuokota. Hata paa nunga wa msitu wa Boni hupenda kupita chini ya kima, wanapodondosha majani na matunda. Hiyo ni kuvizia, na inataka subira. Kuchokoza kunataka ujue mnyama anajiona nani.

Chukua hirola, swala ambaye huku Ijara ndiko kwao hasa. Wasomali humwita arawla. Wageni walimsajili vitabuni mwaka 1889, baada ya Mwingereza H.C.V. Hunter kumpiga karibu na Mto Tana mwaka mmoja kabla, na jina lake la kisayansi, Beatragus hunteri, likawa la aliyemuua. Mbele ya kila jicho ana tezi kubwa, mpaka husemekana ana macho manne. Dume hupaka utomvu wake kwenye mabua ya nyasi, huparura ardhi kwa kwato, hurundika kinyesi, na hapo ndipo mipaka yake. Akitokea dume mwingine, hupiga magoti na kugongana pembe. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuzidi 10,000. Leo hawafiki 500. Mishale haikufanya hesabu hiyo. Sotoka ya miaka ya 1980 ilifanya, pamoja na ukame, ujangili wa bunduki na vichaka vilivyomeza nyasi. Mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa ndani ya uzio wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini wasifikiwe na simba. Mlinzi anayejua dume analinda wapi hana haja ya kumkimbiza ili amhesabu.

Madume nao si wajinga wa hila. Kule Maasai Mara, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba nyamera dume, jike mwenye joto akianza kuondoka kwenye eneo lake, hukodoa macho kule anakoelekea jike na kukoroma kana kwamba ameona simba. Jike husita, na simba hakuna. Sijui kwa nini tunadhani kulaghai kulianza na binadamu.

Kesho yake tulirudi pale chooni. Mzee alikuwa amefunga kwenye jani punje za rundo jingine, la digidigi wa mbali. Akaziachia juu ya zile za mwenyeji, akarusha vumbi kidogo hewani kuona upepo unaelekea wapi, kisha tukakaa chini ya mswaki, upepo ukitupiga usoni.

Dume alikuja bila haraka, pua yake ndefu ikichezacheza. Akanusa. Akanusa tena. Akaparura mchanga juu ya kinyesi cha mgeni, akaweka chake juu yake, halafu akasogeza jicho kwenye kijiti na kuingiza ncha yake taratibu ndani ya tezi. Ncha ikatoka na tone jeusi.

Mkono wa kushoto wa mzee ulikuwa umenyooka, bila upinde.

"Hatua ngapi?" alininong'oneza.

"Kumi na nne."

"Bado. Ngoja ageuze ubavu."