Sumaku Inavyosaidia Kutafuta Chanzo cha Uchafuzi wa Udongo

Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwa karatasi, kisha ipitishe juu ya vumbi la kando ya Barabara ya Mandela au la mlangoni mwa gereji yoyote ya Temeke. Itanasa vumbi jeusi lililosimama kama nywele. Rudia jaribio kwenye mchanga wa shamba lililo mbali na barabara, tuseme Mabwepande, na kwa kawaida utapata kidogo sana.

Sababu ni hii. Mchanga wa pwani kwa sehemu kubwa ni silika (SiO₂), ambayo ni dayamagnetiki, yaani husukumwa kidogo mno na sumaku. Breki zinazolika, injini zinazosagika, mafundi wanaokata na kuchomelea vyuma, na moshi wa mafuta huongeza chembe za chuma, hasa magnetaiti (Fe₃O₄). Chembe chache tu za magnetaiti zinatosha kupandisha kipimo.

Kipimo chenyewe huitwa wepesi wa kusumakishwa (χ), nacho hueleza sampuli inasumakika kiasi gani inapowekwa ndani ya uga dhaifu wa sumaku. Sampuli iliyokaushwa huwekwa ndani ya koili yenye mkondo geu. Kazi ni ya dakika chache na gharama yake ni ndogo, ndiyo maana unaweza kupima mamia ya sampuli kabla ya kuchagua chache za kupeleka maabara ya kemia.

Sasa, chuma hicho ni cha asili au kimeletwa na watu? Kwanza linganisha kina. Vumbi la uchafuzi hutua juu. Χ ikiwa kubwa kwenye sentimita 5 za juu na ndogo kwenye sentimita 40, shuku uchafuzi. Ikiongezeka kadiri unavyochimba, shuku mwamba. (Mwanafunzi wa Moshi au Arusha awe mwangalifu zaidi: udongo wa volkano una magnetaiti nyingi bila gari hata moja.) Kisha pima kwa masafa mawili, takriban hezi 465 na hezi 4,650. Chembe ndogo mno zinazojiunda ndani ya udongo wenyewe hupunguza χ kwenye masafa ya juu. Chembe kubwa za breki na moshi hazibadiliki sana.

Mfano: χ ya masafa ya chini ni 250, ya juu ni 245.
Tofauti = (250 − 245) ÷ 250 × 100 = 2%.
Asilimia ndogo hivi huelekeza kwenye uchafuzi. Kama ingekuwa 120 na 108, jibu ni 10%, dalili ya udongo wa asili.

Ili kupata chanzo, chora ramani. χ ikishuka kadiri unavyoondoka barabarani, mshukiwa ni barabara. Kumbuka upepo: wakati wa kusi, vumbi huelekea upande wa kaskazini. Kumbuka na maji pia. Kipimo kikubwa kwenye tope la Jangwani hakithibitishi kuwa uchafuzi umeanzia pale, kwa kuwa Mto Msimbazi hupita Vingunguti kwanza, na mafuriko hubeba udongo.

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Risasi, zinki, kadimi na shaba hazivutwi na sumaku. Tunazishuku kwa sababu mara nyingi husafiri pamoja na chuma: shaba kwenye breki, zinki kwenye matairi. Zisiposafiri pamoja, sumaku hudanganya. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofungwa mwaka 2014 kiliacha risasi katika udongo na katika damu za watoto. Vumbi la risasi lisilo na chuma linaweza kutua uani na sumaku ikatoka safi. Kwa hiyo usiandike kamwe kwamba "χ ndogo inaonyesha udongo ni salama". Andika kwamba χ huonyesha mahali pa kuanzia, kisha maabara ipime risasi yenyewe.

Swali la mazoezi
Bustani ya mchicha iko mita 15 kutoka barabara kuu ya Mbagala. χ ya juu ni 180 na ya kina cha sentimita 40 ni 30; tofauti ya masafa kwa udongo wa juu ni 1.5%.
(a) Chuma kimetoka wapi? Toa sababu mbili. (alama 4)
(b) Mkulima anauliza kama mchicha unalika. Kwa nini vipimo hivi havitoshi kumjibu? (alama 3)