Asidi amino, ukuta wa utumbo na kitoweo

Asidi amino (nomino, ngeli ya i-/zi-) ni chembe ndogo za kikemia zinazoungana kama shanga katika uzi na kufanya protini. Protini za mwili hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Kati ya hizo, 9 huitwa *asidi amino muhimu*, kwa kuwa mwili hauwezi kuzitengeneza wenyewe. Sharti zitoke katika chakula. Mpangilio sahihi ni *asidi amino*, kwa mfano wa *asidi sulfuriki*, wala si *amino asidi*.

Utumbo usichanganywe na *tumbo*. Utumbo ni mrija unaopokea chakula kutoka tumboni. Sehemu yake ya ndani imefunikwa kwa safu moja tu ya seli, na safu hiyo ndiyo *ukuta wa utumbo*: hupitisha virutubisho kuingia katika damu, na huzuia vijidudu na sumu. Ukuta huu haufanani na wa mawe na chokaa, unaojengwa mara moja. Unafanana zaidi na wa miti na udongo, unaohitaji kukandikwa tena na tena, maana seli zake hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5.

Udongo wa kukandikia ni asidi amino. *Glutamini* ni nishati kuu ya seli hizo, na husaidia kudumisha protini zinazofunga mianya baina ya seli na seli. *Threonini* hutumika kwa wingi kutengeneza ute unaotandazwa juu ya ukuta. Zikipungua, ute huwa haba, mianya hulegea, na vijidudu hupata njia ya kupenya.

Hapa ndipo neno kitoweo linapopata uzito. Katika mwambao wa Tanga, Pangani na Mkinga, ugali wa mahindi au muhogo huliwa kwa kitoweo. Mahindi yana upungufu wa *laisini* na *triptofani*. Muhogo una protini kidogo mno. Kunde, mbaazi na maharage zina laisini ya kutosha, ila zina upungufu wa *methionini*, ambayo mahindi huichangia. Samaki na dagaa wana asidi amino zote muhimu. Hata kisamvu, majani ya muhogo uleule, kina protini nyingi kuliko mzizi wake. Basi kitoweo si pambo la mlo. Mtoto anayepewa ugali kwa mchuzi mtupu amekosa kile ambacho ugali hauna.

Utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watoto waliodumaa walikuwa na kiwango kidogo cha asidi amino muhimu katika damu kuliko wenzao. Hata hivyo, chakula peke yake hakitoshi. Maji machafu na ukosefu wa vyoo huujeruhi ukuta huo upya kila siku, na ukuta uliojeruhiwa hufyonza virutubisho kwa shida.

Matumizi. Katika maandishi ya afya, agizo la "kula protini" huwapita wasomaji wengi. Ni wazi zaidi kuandika: *mtoto apewe kitoweo cha kunde, mbaazi, dagaa au samaki*. Aina ya kitoweo itajwe, kwa kuwa neno hilo peke yake hujumuisha pia mboga zenye protini kidogo.