Picha ya zamani ya Mji Mkongwe: utajuaje ni wapi na ilipigwa lini?

Picha za zamani za Unguja zinazunguka sana kwenye simu siku hizi. Nyingi hufika zikiwa na maneno juu yake, kama vile "Zanzibar mwaka 1880, kabla ya Waingereza". Unaipokea, unaipeleka kwenye kundi la ukoo, na baada ya wiki inakurudia ikiwa imeandikwa 1860. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja amepokea tu na kupitisha.

Ukweli ni kwamba picha nyingi za mji ule zinaweza kujieleza zenyewe, na huhitaji shahada ya historia. Unahitaji kujua vitu vichache vilivyojengwa au kubomoka katika tarehe zinazofahamika, kisha ukuze picha kwa vidole viwili na kuvitafuta. Hapa tutasimama sehemu moja: ukingo wa bahari wa Mji Mkongwe, palepale Forodhani. Ndipo wapiga picha walipopapenda zaidi, kwa sababu kila mgeni alifika kwa meli na hiyo ndiyo sura ya mji aliyoiona kwanza.

Anza na mnara wa saa

Jengo kubwa jeupe lenye roshani ndefu zinazoshikiliwa na nguzo nyembamba za chuma ni Beit al Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Kwa hiyo picha yoyote inayolionyesha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo, hata iwe imechakaa namna gani.

Sasa tazama mnara. Watu wengi wamezoea kuliona jumba hili likiwa na mnara wa saa katikati ya uso wake, na hudhani ulikuwepo tangu mwanzo. Haukuwepo. Hapo awali mnara ulisimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani, upande wa baharini. Ulikuwa mnara wa taa wa kuongozea meli, na saa ilikuwa huko. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza ziliupiga mji mizinga ili kumtoa Khalid bin Barghash, aliyekuwa ameshika jumba baada ya kifo cha Sultani Hamad. Vita vile havikutimiza hata saa moja, lakini ule mnara wa taa uliharibiwa vibaya, na jumba la jirani, Beit al Hukm, likawa magofu. Ukarabati ulipofanyika ndipo Beit al Ajaib lilipojengewa mnara wake, ukiwa umeshikana na jengo.

Basi una kipimo kizuri. Mnara ukiwa mbali na jumba, picha ni ya kati ya 1883 na Agosti 1896. Mnara ukiwa umeshikana na jumba, picha ni ya baada ya vita. Na ile picha ya "1880, kabla ya Waingereza" ambayo wengi wetu tumeletewa? Mara nyingi ina mnara ulioshikana na jumba. Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Zanzibar mwaka 1890, hivyo picha hiyo ni ya wakati wa Waingereza hasa, na huenda bendera ya meli yao imo pembeni.

Kipimo hiki kina mwisho wake pia. Tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa katika ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili walipoteza maisha. Tangu siku hiyo picha za zamani za Beit al Ajaib si pambo tena. Anayetaka kujua nguzo ilikaa wapi na roshani ilikunjwa vipi anaitazama picha kama fundi anavyotazama ramani. Picha iliyoandikwa mwaka usio wake inaweza kumpotosha.

Milingoti katikati ya maji

Kuna alama moja ndogo tunayoipenda kuliko zote, kwa sababu watu huipita bila kuiona. Katika vita vilevile vya 1896 meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa bandarini, mbele ya jumba. Maji ya pale si ya kina kirefu sana, kwa hiyo meli ilikaa chini na milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji. Ilikaa hivyo miaka mingi, majahazi yakipita kando yake, mpaka 1912 mabaki yalipovunjwa na kuondolewa.

Ukiona picha ya bandari yenye milingoti inayosimama majini bila chombo chini yake, umepata muda wa miaka 16 tu: 1896 hadi 1912. Jihadhari na jambo moja. Jahazi lililo mbali, likiwa limeshusha tanga, nalo huonekana kama mti mtupu. Kuza picha utafute ubavu wa chombo kwenye usawa wa maji.

Kushoto kumekuwa kulia

Picha za zamani zilipigwa kwenye vioo na baadaye kwenye filamu, na ilikuwa rahisi sana kuzichapa kinyume. Simu nazo zimeongeza tatizo, maana kugeuza picha ni kubonyeza mara moja. Mtu anaweza kutafuta mtaa wa babu yake siku nzima asiuone, kumbe mji wote umegeuzwa kama kwenye kioo.

Dawa yake ni kushika mpangilio. Ukiwa baharini unautazama mji, kushoto kabisa kuelekea bandari kuna lile jengo la dispensari ya zamani lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Ukija kulia unakuta jumba la Sultani ambalo sasa ni makumbusho, kisha Beit al Ajaib, kisha Ngome Kongwe yenye kuta nene. Ngome ikitokea kushoto kwa Beit al Ajaib wakati picha imepigwa kutoka baharini, igeuze. Maandishi yoyote kwenye meli au duka yatathibitisha.

Mwanga nao husaidia. Majengo haya yanatazama upande wa machweo. Asubuhi uso wao uko kivulini, mchana ukigeuka jua linaupiga. Kwa hiyo picha kali yenye vivuli virefu na ukuta unaong'aa ni ya jioni, na ule umati ufukweni haukwenda sokoni alfajiri kama maneno ya chini ya picha yanavyodai.

Alama nyingine za haraka

Kanisa la Minara Miwili lilimalizika mwaka 1898, na minara yake huonekana kutoka baharini. Reli ya Bububu ilianza 1905, treni ikipita karibu kabisa na Ngome Kongwe, na baada ya 1930 hakuna treni tena. Bustani ya Forodhani ni ya miaka ya 1930 katikati. Kabla yake eneo hilo lilikuwa la shughuli za forodha, ndiyo maana ya jina. Upande wa nyuma wa mji palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na daraja lake ndilo lililoipa Darajani jina. Ulifukiwa kidogokidogo hadi kumalizika mwaka 1957. Picha yenye ngalawa Darajani si ya uongo, basi.

Kumbuka lakini kwamba kuona na kutoona havina uzito sawa. Ukiuona Mnara wa Minara Miwili, una uhakika kuwa picha ni ya baada ya kujengwa. Usipouona, huenda mpiga picha alielekeza kamera kwingine tu. Hivyohivyo, muhuri wa posta nyuma ya postikadi unakwambia siku ilipotumwa. Picha yenyewe inaweza kuwa ilipigwa miaka mingi nyuma, maana picha iliyouzika ilichapwa tena na tena.

Picha zinazoitwa "soko la watumwa"

Hapa umakini unahitajika zaidi, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na picha hizi huamsha hasira, kwa haki. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Barghash. Mwaka huohuo msingi wa kanisa la Kianglikana uliwekwa mahali pale. Kwa hiyo picha yenye mnara wa kanisa la Mkunazini na umati wa watu mbele yake haiwezi kuwa picha ya soko hilo likiendelea. Ni watu wa kawaida, pengine wametoka ibadani.

Hilo halifuti chochote. Biashara iliendelea kwa siri, na utumwa wenyewe uliondolewa kwenye sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897 tu. Lakini tunapompa mwuza samaki wa 1910 jina la mtumwa wa 1870, tumewakosea wote wawili.

Na watu je?

Majengo tumeyapa majina. Watu waliosimama mbele yake kwa kawaida hawana. Wapiga picha wakubwa wa Unguja wa zamani, kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho, waliokuwa na asili ya Goa, waliuza postikadi kwa wasafiri, na chini ya picha ya mwanamke waliandika kabila au kazi, si jina. Tunapata vidokezo kwenye mavazi. Kanga yenye maandishi haiwezi kuwa ya karne ya 19. Maandishi yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na ya herufi tunazosoma leo yakaja baadaye. Lakini kanga haikwambii ni bibi wa nani.

Mambo yanabadilika tunapofika kwenye studio za mjini ambako watu walilipia picha zao wenyewe. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za watu wa kila namna kwa miongo mingi. Picha kama hizo zimo majumbani, hata bara, kwa sababu vijana wengi walivuka kwenda kuchuma karafuu na wakarudi na picha moja ya ukumbusho. Kama ipo kwenu, itazame nyuma. Jina la studio likipigwa muhuri hapo, umeshajua mji. Pazia lililochorwa nyuma ya mtu, viti na zulia hurudiwa katika picha nyingi za studio moja, hivyo linganisha na ya jirani.

Kuhusu pa kulinganishia: Nyaraka za Taifa za Zanzibar zipo Kilimani, Unguja. Kwenye mtandao, Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kimeweka wazi mkusanyiko wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na huhitaji kulipa chochote zaidi ya bando. Google Lens nayo hutafuta picha zinazofanana, ila mara nyingi itakuletea yaleyale maneno yasiyo sahihi tuliyoanza nayo.

Ukitaka kumtumia mtu picha ya karatasi akusaidie, ilaze mahali pa bapa karibu na dirisha, zima taa ya simu, upige mbele na nyuma. Itume kama faili, maana WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huipunguza, na milingoti ile midogo hupotea. Kisha mpelekee mzee kabla hujamwambia unachodhani, usikilize atataja nani. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, pembeni. Kalamu ya wino hupenya mpaka mbele.